Nyani wa Masai Mara na Presha Zetu

Mgonjwa wa presha katika miji yetu huambiwa mambo matatu: apunguze chumvi, atembee, na asiwe na mawazo. Mawili ya kwanza yanatekelezeka. La tatu hutolewa kana kwamba mawazo ni mzigo ambao mtu ameubeba kwa hiari na anaweza kuutua popote apendapo, na kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza iwapo elimu ya mwili inaukubali ushauri huo. Jibu nililolipata, ambalo sehemu yake kubwa imetoka kwa nyani wa Kenya, ni kwamba msongo unaodhuru mwili hutegemea sana nafasi ya mtu mbele ya wenzake, uwezo wake wa kujua kesho kuna nini, na watu alio nao karibu. Hayo hayaondoki kwa kuamua tu.

Mtu anapotishwa ghafla, tuseme bodaboda imemkosakosa barabarani, neva zinazofanya kazi bila kuamriwa huchochea sehemu ya ndani ya tezi za adrenali, ambazo zimekaa juu ya figo, nazo humwaga adrenalini katika damu. Ndani ya sekunde chache moyo huenda mbio, mboni za macho hupanuka, mate hukauka, ini huachia sukari, na damu huhamishwa kutoka tumboni kwenda kwenye misuli. Walter Cannon, alipokuwa bado mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard mwishoni mwa miaka ya 1890, alitazama tumbo la paka kwa eksirei, ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imegunduliwa, akaona kwamba paka akiogopa au akighadhibika, mwendo wa tumbo lake husimama papo hapo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1915 alieleza kwa kirefu kwamba mabadiliko hayo yote humwandaa mnyama kupigana au kukimbia.

Njia ya pili ni ya polepole zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kufahamika vizuri. Haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo iliyo upande wake wa chini, hutoa homoni inayoiamsha tezi ya pituitari. Pituitari nayo hutoa homoni nyingine inayosafiri kwa damu hadi kwenye tabaka la nje la adrenali, na hapo ndipo kortisoli inapotengenezwa. Kilele chake hufika kiasi cha dakika 20 hadi 30 baada ya tukio, wakati bodaboda imeshatokomea. Kortisoli huhakikisha kwamba sukari inaendelea kupatikana, hutuliza uvimbe, na huahirisha kazi zinazoweza kusubiri, kama vile uzazi na ujenzi wa mifupa. Kisha homoni hiyohiyo, ikishafika kwenye ubongo, huuarifu kwamba kiasi kimetosha, na uzalishaji wake hupungua. Mwaka 1968 mtafiti Bruce McEwen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alionyesha kwa panya kwamba hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, hunasa kwa wingi homoni ya jamii hii, nayo ni mojawapo ya sehemu zinazopokea taarifa hiyo.

Mpango huo ni mzuri ajabu kwa hatari inayopita. Ubaya huanza pale hatari inapokuwa ni kodi ya nyumba, bosi asiyetabirika au mgonjwa wa muda mrefu ndani ya nyumba, kwa sababu mwili hutumia homoni zilezile, ila sasa kwa miezi na miaka. Presha iliyopaswa kushuka hubaki juu, sukari inayoachiwa na ini haipati misuli inayokimbia ili kuitumia, mafuta hujikusanya zaidi tumboni, kinga hudhoofika, na hata utaratibu wa kuizima kortisoli huanza kulegea. Vidonda vya tumbo navitaja kwa tahadhari. Mtafiti Hans Selye aliviona kwa panya wake waliosumbuliwa huko Montreal mwaka 1936, lakini Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba kwa binadamu mchango mkubwa ni wa bakteria, kwa hiyo anayeumwa tumbo apimwe kwanza kabla ya kuambiwa kwamba ni mawazo.

Sasa nije kwa nyani. Mwaka 1978 kijana wa Kimarekani, Robert Sapolsky, alifika Masai Mara kuwachunguza, akawa anarudi kila mwaka kwa zaidi ya miaka 20. Aliwachagua kwa sababu nyani wa nyika ile hupata chakula chao kwa saa chache tu, na muda unaobaki huutumia kusumbuana wenyewe kwa wenyewe. Ili kuipima kortisoli ilimbidi awalenge kwa sindano ya usingizi iliyopulizwa kutoka kwenye bomba, asubuhi, saa zilezile kila siku, mnyama akiwa ametazama pembeni na hajatoka kupigana. Vinginevyo angepima hofu ya kuchomwa sindano, siyo hali ya kawaida ya maisha yake. Alichokikuta ni kwamba katika kundi lenye ngazi za madaraka zilizotulia, madume wa chini, wale wanaonyang'anywa chakula na kupigwa bila kosa, walikuwa na kortisoli ya juu hata wakati wa mapumziko, na miili yao ilichelewa kuizima. Ngazi zilipovurugika na madaraka kugombewa, wakubwa nao waliathirika.

Habari ya kundi lake mojawapo ndiyo iliyonishika zaidi. Katikati ya miaka ya 1980 madume wakali wa kundi hilo walizoea kwenda kugombea mabaki ya chakula kwenye jalala la hoteli ya watalii, wakala nyama yenye kifua kikuu, wakafa. Waliobaki walikuwa majike, watoto, na madume wapole. Kundi likatulia, madume wa chini hawakuonyesha tena dalili za msongo, na jambo la ajabu ni kwamba miaka kadhaa baadaye, madume wote wa awali walipokuwa wameshaondoka au kufa na nafasi zao kuchukuliwa na wageni kutoka makundi mengine, utulivu ule ulikuwa bado upo. Sapolsky na mwenzake Lisa Share waliyachapisha hayo mwaka 2004. Wageni walikuta desturi, wakaifuata.

Utafiti wa hifadhi ya Amboseli, pia nchini Kenya, ambako nyani wamefuatiliwa tangu mwaka 1971, umeongeza jambo moja la lazima. Mwaka 2011 ilionekana, kwa kupima homoni katika kinyesi cha madume 125, kwamba dume kiongozi hubeba homoni za msongo nyingi kama wa chini kabisa, huku anayemfuata akiwa na nafuu. Ukubwa peke yake, basi, si kinga.

Kwa binadamu ushahidi ninaouamini zaidi ni wa watumishi wa serikali jijini London, ambao mtafiti Michael Marmot na wenzake waliukusanya kutokana na uchunguzi ulioanza mwaka 1967. Wote walikuwa na ajira, na hakuna aliyekuwa fukara, lakini baada ya miaka 10 vifo vya wanaume wa daraja la chini vilikuwa mara tatu ya vile vya wanaume wa daraja la juu, na sigara, presha na kolesteroli vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo.

Mama yangu mdogo anauza mbogamboga na ana presha. Kwenye zahanati anakotibiwa huambiwa kila mara asiwe na mawazo, naye hurudi nyumbani akijilaumu kwa kushindwa kutii. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anajua siku ambayo mgambo watapita kuondoa meza, ilhali hilo ndilo linalomweka roho mkononi kila alfajiri. Mtafiti Jay Weiss, katika majaribio yake ya panya yaliyoanza miaka ya 1960, alionyesha kwamba panya wawili waliopigwa shoti ileile hawaumii sawa. Yule aliyetangulizwa mlio wa kumtahadharisha alipata vidonda vichache sana vya tumbo, kwa sababu kati ya mlio na mlio aliweza kupumzika. Tangazo la siku mbili kabla ya operesheni lisingepunguza idadi ya mgambo, lakini lingewapa wanawake wa soko lile siku ambazo miili yao haihitaji kukaa macho.

Kinachomsaidia kwa sasa ni wenzake wa kikoba cha kila Jumamosi, na hilo pia lina mizizi. Katika hifadhi ya Moremi, Botswana, Anne Engh na wenzake waliripoti mwaka 2006 kwamba jike la nyani aliyepokonywa ndugu wa karibu na mnyama mkali hupanda homoni za msongo, kisha huanza kuwachambua manyoya majike wengi zaidi kuliko zamani, wakiwemo wasio ndugu zake, na homoni hizo hushuka. Daktari anayemwandikia mama mdogo vidonge vya presha angeweza kumuuliza, katika dakika zilezile tano, Jumamosi hukutana na nani.