"Wanawake 9, kuchambua"

Jana usiku nilikaa barazani kwa ami yangu hapa Wete, Pemba, nikifungua daftari la karafuu la msimu uliopita. Wachumaji wameandikwa mmoja mmoja, jina na pishi za kila siku. Chini ya ukurasa upo mstari mmoja: "Wanawake 9, kuchambua." Katika hao tisa yumo mama yangu.

Kwa asiyeijua kazi hii: mchumaji hushusha vishada, na usiku uleule lazima vichambuliwe, maana zikilala kwenye rundo hupata joto zikaharibika. Mama hukaa jamvini baada ya sala ya isha. Hukamata kishada kwa mkono wa kulia, akakisokota juu ya kiganja cha kushoto. Karafuu humwagika huku, makonyo yakabaki vidoleni. Hufanya hivyo mpaka saa sita, saa saba. Msimu ukiisha, kiganja chake huwa cheusi na kigumu kama kisigino.

Msimu ule ami alimlipa mchumaji shilingi 1,000 kwa pishi, mchambuaji 200.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema mkarafuu ni mrefu, watu huanguka, wengine hufa. Kweli, na hata serikali hutoa fidia kwa wanaoanguka. Hatari ina bei yake, hapo sibishani naye. Lakini bei ya mchumaji haikupandishwa na hatari peke yake. Mchumaji asiporidhika, kesho yuko shamba la jirani, na karafuu za ami zinafunguka mtini. Mama ataenda wapi saa nne za usiku, wajukuu wamelala ubavuni? Kazi yake inahesabiwa msaada wa nyumbani, na msaada haupatanwi bei.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya serikali. Mwenzangu wa kiume wa daraja langu, tulioajiriwa mwaka mmoja, tunapokea sawa hadi shilingi ya mwisho, kwa sababu ngazi ya mshahara imeandikwa. Toka nje ya geti la skuli, hakuna kilichoandikwa. Teremka pwani ya Micheweni uone ni akina nani wameinama kwenye mwani, maji yamewafika mapajani, na bei wanaikuta kwa mnunuzi.

Tanzania iliridhia mwaka 2002 Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951. Unadai ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na neno "thamani" ndilo linalonikosesha usingizi. Karafuu isiyochambuliwa haianikwi, na isiyoanikwa haipelekwi kituoni kuuzwa. Basi ile kazi ya usiku ina thamani gani? Hakuna aliyewahi kukaa akaipima. Sisemi mchambuaji alipwe sawasawa na aliyepanda juu. Nasema 200 haikutokana na hesabu yoyote, ilirithiwa tu.

Nimemwomba ami aniachie daftari la msimu huu. Alinyamaza kidogo, akaniambia, "Lichukue, mwanangu, lakini pesa ndo hizohizo." Nikasema kwanza niandike majina, na saa ya kuanza na ya kumaliza, tukikaa kupatana bei tuwe na cha kushika mkononi.

Asubuhi nikamuuliza mama nimwandike vipi, Mama Fulani kama anavyoitwa mtaani?

"Niandike jina langu," alisema, "na la baba yangu."