Mtetemo Kiganjani

Jana usiku, katika msitu wa Amani kwenye milima ya Usambara Mashariki, mwenyeji wetu aliniwekea kiganjani kinyonga mdogo wa rangi ya jani kavu, asiyezidi urefu wa kidole changu cha kati, na kabla sijamtazama vizuri nilihisi ngozi yangu ikivuma. Haikuwa sauti. Ulikuwa mtetemo mfupi, kama wa nyuki aliyefungwa ndani ya kitambaa, ukaja, ukakatika, ukarudi.

Tangu utotoni nilimjua kinyonga kwa rangi zake na kwa hofu tuliyofundishwa juu yake, nikaamini kwamba yote aliyo nayo ya kusema huyaonyesha mwilini: dume huwaka rangi mbele ya dume mwenzake, na jike mwenye mayai tumboni hugeuza ngozi yake ili dume asimsogelee. Lakini rangi huhitaji mwanga na macho yanayoonana, ilhali majani ya kichaka huficha mengi. Wala sikio halimsaidii sana, kwa kuwa halina tundu la nje kama la mjusi kafiri, na sauti zipitazo hewani huzisikia kwa shida.

Kumbe lipo tawi. Mwaka 1999 watafiti walieleza jinsi kinyonga wa Yemeni, yule mwenye kishungi kirefu kichwani, anavyoutetemesha mmea aliosimama juu yake. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba misuli inayozunguka mfupa wa ulimi hukaza na kulegea kwa kasi ya mara 100 hadi 200 hivi kwa sekunde, na mtetemo huo hushuka kwenye tawi. Kinyonga waliotetemeshewa kijiti walichoshika walipunguza mwendo, jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote, kwa maana linaonyesha kwamba ujumbe wa namna hiyo una wa kuupokea.

Huyu wangu hakuwa akizungumza na mwenziwe. Vinyonga wadogo wa aina yake hutetemeka hivyo wanaposhikwa, na naamini alikuwa akinitaka nimwachie.

Nilimrudisha kwenye kijiti alikotolewa, naye akakikamata kwa miguu yote minne. Ndipo nilipotambua kwamba mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado umeegemea shina la kichaka hichohicho. Nikauondoa polepole.