Kilo 20 za mguu wa kushoto

Wiki ya tatu sasa, kabla sijafungua kibanda changu cha baiskeli hapa Ngamiani, naweka mizani sakafuni na kando yake kipande cha ubao cha kimo kilekile. Mguu wa kulia ubaoni, wa kushoto kwenye mizani, magongo kwapani. Naukandamiza taratibu huku nautazama mshale: 5, 10, 15. Ukigusa 20 natulia, navuta pumzi tano, naachia. Nikishaujua uzito huo kwa unyayo, ndipo natembea.

Muundi ulivunjika mwaka jana, niligongwa na bodaboda. Nikafungwa hogo la plasta, nikaambiwa nisikanyage. Wiki ya tano nikarudi kazini. Watoto wanataka kula. Nilisimama kutwa nikinyoosha ringi za watu, na nilikuwa nausikia mfupa ukicheza ndani. Miezi minane haukuunga.

Daktari alinieleza kwa hesabu. Pengo la milimita 5 likicheza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani 2 kwa mia, mfupa mgumu haujengeki vizuri, linaota gegedu. Likipita 10 kwa mia, linabaki kovu laini. Nilimwelewa upesi. Spoki inayokatika mara nyingi ni iliyolegea, maana kila mzunguko inacheza.

Wakachota mfupa nyongani, wakaujaza kwenye pengo, wakabana kwa bamba la chuma na skrubu. Safari hii nikaapa sikanyagi kabisa. Shangazi yangu wa Pongwe akakazia: "Mwanangu, mfupa wa kupachika huo, tulia kitandani."

Nikatulia mno. Paja likasinyaa, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipoliona alisikitika. Akaniketisha, akanifundisha jambo ambalo natamani kila aliyepandikizwa mfupa alisikie mapema. Mfupa ule mwanzoni ni jukwaa tu. Mishipa ya damu inapenya, seli fulani zinaula kidogo kidogo, nyingine zinajenga mpya nyuma yake. Ndani ya mfupa kuna seli zilizozikwa humo. Unapoukanyagia, majimaji yanasogea kwenye vijitundu vyake, nazo hupeleka habari kwamba hapa panabeba mzigo, pajengwe. Usipokanyaga kabisa, walaji huwazidi wajenzi. Wanaanga hupoteza mfupa wa nyonga kiasi cha 1 kwa mia au zaidi kila mwezi kwa sababu hiyohiyo. Hata bamba likiwa gumu kupita kiasi hubeba mzigo wote, na mfupa ulio chini yake hudhoofu. Mjerumani Julius Wolff aliandika tangu 1892 kwamba mfupa hujijenga kwa kufuata mzigo wake.

Kilo 20 ni zangu, zimetoka kwenye picha yangu ya eksirei. Wako muulize daktari wako.

Jumatatu nilipigwa picha nyingine. Penye pengo pameanza kuonekana weupe kama ukungu, umeshika pande zote mbili. Nimetia alama nyekundu kwenye kioo cha mizani, penye 35. Naanza kesho.