Mwarobaini wa mama na bomba la choo

Februari 3

Tangu Desemba choo kinashuka polepole, na kila tukimwaga maji, tundu la bafuni linagugumia. Leo nimefunua chemba ya nje nikaikuta imejaa pomoni. Tangi la septiki maji yake yako kwenye kimo cha kawaida, kwa hiyo kizuizi kiko katikati: mita 9 za bomba zinazopita nyuma ya nyumba, mita 2 kutoka shina la mwarobaini.

Fundi alisukuma waya, akazungusha, akavuta. Kilichotoka kilifanana na makumbi ya nazi yaliyofumwa, vimizizi vyembamba kama uzi vilivyonasa mafuta na karatasi. Nikamuuliza, "Ami, ndiyo tuukate mti?"

"Mti una kosa gani, mwanangu? Bomba zima mti haulijui. Hili lilikuwa likivuja kabla mzizi haujafika."

Nililala nikiifikiria kauli hiyo. Mzizi hutafuta unyevu. Kiungo kikiwa na ufa, ardhi ya hapo hukaa mbichi hata kiangazi, kimzizi kikafuata ubichi hadi ndani, kikakuta maji na mbolea. Kikinenepa ndipo kinapoupanua ule ufa. Yaani kuvunja bomba huja mwisho.

Mama aliupanda mwarobaini huu mimi nikiwa darasa la pili. Chini yake ndipo anaposukia ukili kila alasiri. Sitaukata.

Februari 10

Tumechimba. Hapa Muyeye, Malindi, juu ni mchanga, chini ni jiwe la matumbawe, kwa hiyo jembe nusu siku, mtaimbo siku mbili. Bomba la zamani ni la simiti, vipande vya mita moja moja vilivyoungwa kwa simiti. Vipande 9, viungo 8, na mizizi imeingia katika viungo 5. Vipande vyenyewe havina hata ufa mmoja! Fundi alisema kweli.

Mizizi myembamba kuliko kidole gumba nimeikata kwa msumeno mkali ili jeraha liwe safi. Mmoja mnene kama mkono wangu nimeuacha. Bomba jipya litapita chini yake. Mizizi kama huo ndiyo inayoushika mti upepo wa kusi ukivuma.

Jirani alishauri nimwage mrututu, zile chembe za buluu zenye shaba, chooni kila mwezi ili uue mizizi. Namheshimu, lakini nimekataa. Mrututu huua mizizi iliyo ndani ya bomba tu, na ufa hubaki palepale. Tena ni shaba: ikifika kwenye septiki inaua vijidudu vinavyoyeyusha uchafu, na ikitoka hapo inashuka ardhini. Jiwe la matumbawe lina matundu, na kisima chetu hakiko mbali. Chumvi nayo nimeikataa kwa sababu hiyo hiyo.

Februari 17

Bomba jipya ni plastiki ya inchi 4, ile nene ya kuzikwa. Kipande kimoja ni mita 6, hivyo kwa mita 9 nina kiungo kimoja tu. Nimekiweka mbali na mti kadiri nilivyoweza.

Mteremko: kila sentimita 40 mbele, sentimita 1 chini. Kwa mita 9 ni sentimita 22 na nusu. Tulivuta uzi, tukapima kwa pima maji, tukatandika mchanga uliochekechwa wa sentimita 10 ili jiwe lisiligote bomba. Gundi tulipaka pande zote mbili, tukaingiza huku tukizungusha, tukashikilia mpaka ikashika.

Februari 18

Kabla ya kufukia tuliziba mwisho wa chini, tukajaza maji, tukaweka alama. Baada ya nusu saa maji yameshuka upana wa kidole. Kiungo cha gundi kikavu kabisa. Uvujaji ulikuwa pale bomba linapoingia kwenye ukuta wa chemba. Simiti haishiki plastiki laini, na mahali hapo mzizi ungeingia tena baada ya miaka michache.

Fundi aliubomoa ukingo wote bila kunung'unika. Akapaka gundi kuzunguka bomba, akanyunyizia mchanga mkavu, akauacha ukakauka. Bomba likawa kakasi kama msasa, na simiti ikapata pa kung'ang'ania. Tukafanya vivyo hivyo upande wa septiki. Jaribio la pili, maji hayakusogea. Nilifurahi kupita siku niliyohamia nyumba hii.

Februari 24

Kizuizi cha mizizi: plastiki nzito nyeusi ya kutandikia mabwawa, mita 4 kwa urefu, imesimamishwa wima kati ya mti na bomba, kina cha sentimita 90. Ukingo wa juu nimeuacha umechomoza sentimita 5 juu ya ardhi, maana mizizi huweza kupanda na kuvuka. Nimefukia.

Mei 30

Masika yamepita karibu yote. Nimefunua chemba: maji yanapita, sakafu yake safi, hakuna hata uzi wa mzizi. Mwarobaini umetoa machipukizi matatu kutoka kwenye mizizi niliyoikata, yote upande wake wa plastiki. Mawili nimeyang'oa. La tatu mama amelihamishia kwenye kopo, anataka likapandwe kwa dada yangu Barani. Nimeshampimia dada mahali, upande usio na bomba.

Limebaki bomba la jikoni, nalo ni simiti vilevile. Nitalichimba kabla ya vuli.