Nyuso tano za marehemu

Jana binti yangu alifungua chupa ya siki ili atengeneze kachumbari, akaniuliza kwa nini nimesimama mlangoni nimefumba macho. Nilimjibu kwamba harufu ni kali. Sikumwambia kuwa nilikuwa nimerudi Mwanjelwa, Mbeya, katika chumba cha giza alimosafishia picha mjomba, ambako siki iliyozimuliwa kwa maji ndiyo iliyosimamisha kazi ya dawa ili picha isizidi kuiva.

Kipimo cha mjomba, cha kujua karatasi ya picha imulikwe kwa sekunde ngapi, kilikuwa kimenichosha. Alifunika kipande cha karatasi kwa kadibodi, akaisogeza kila baada ya sekunde kadhaa, hata paji la uso likapata sekunde 4 na kidevu 16, nawe ukabaki kulinganisha paji na kidevu. Nikaunda kijisanduku bapa kwa boksi la sabuni: juu nilikata dirisha la upana wa vidole viwili, na ndani karatasi ilisogea juu ya rula niliyoitia pengo tano kwa kisu, ili kidole gumba kizihisi gizani. Kila pengo lilileta karatasi mpya chini ya uso uleule. Jaribio la kwanza lilitoka na ukungu, kwa kuwa kijisanduku kiliinua karatasi ilhali nilikuwa nimelenga picha mezani. Mjomba alicheka siku nzima.

Asubuhi moja ya Juni akaja mama mtu mzima kutoka Tukuyu, na negativu moja, filamu ya kusafishia picha, ya marehemu mumewe. Baridi ilikuwa ya Mbeya kweli. Dawa hutaka nyuzi 20, kwa hiyo trei tuliiweka ndani ya beseni la maji ya moto. Nilihesabu kwa mlio wa saa ya mezani: 4, 6, 8, 11, 16. Chini ya taa nyekundu uso wa sekunde 16 ulitangulia kuchomoza, kwanza ukingo wa kofia, halafu shavu, kisha wenzake wakafuata mmoja mmoja, hadi ule wa 4 uliokuja mwisho kama mvuke juu ya chai. Wanaume watano, kofia moja. Nilisahau kuhesabu muda wa dawa.

Nje juani mjomba alichagua 8. Mama akaweka kidole juu ya 16.

“Huyu ndiye. Mume wangu alikuwa mweusi, mwanangu. Hawa wengine mmemwosha.”

“Lakini mama, hapo macho hayaonekani,” alisema mjomba.

“Mimi nayajua.”

Niliporudi gizani nilihesabu hadi 11, kisha nikamwambia kila mmoja kwamba nimefuata neno lake. Mama aliitazama picha kwa muda mrefu, akasema, “Ndaga, mwanangu,” yaani asante kwa Kinyakyusa, halafu akaomba kile kipande cha majaribio pamoja na wembe. Uso wa sekunde 16 akaukata, akaufunga katika pindo la khanga. Picha kubwa akaibeba mkononi.