Vyombo, Maji na Wenzangu wa Nyumba hapa Tudor

Watu wa kwetu Tanga wakinisikia nikilalamikia nyumba ninayokaa na wenzangu hapa Tudor, mtaa wa Mombasa, hudhani kwamba ninaonewa na wenyeji, kumbe nyumbani mwetu hamna mwenyeji hata mmoja. Mimi nilivuka mpaka wa Horohoro na kugongewa muhuri. Dada wawili ninaokaa nao ni Wakenya, lakini mmoja amelelewa Nyeri na mwingine Eldoret, kwenye baridi, ambako sufuria ya chakula huweza kulala mezani na asubuhi ikaliwa. Kwa hiyo mgeni wa nchi ni mimi, na wageni wa joto ni wao, na ninaamini kwamba ugomvi wetu mwingi wa usafi umetokana na hilo la pili.

Wali wa nazi uliopikwa jioni ukaachwa jikoni, alfajiri huwa umekwisha kuchacha. Samaki ni hatari zaidi, kwa kuwa jodari aliyekaa nje ya friji kwa saa kadhaa huweza kufanya sumu isiyoondoka hata akipikwa upya, jambo ambalo wenzangu walilidhania kuwa ushirikina wa Kitanga (na Tanga, kama mjuavyo, imesingiziwa mengi ya namna hiyo). Mende nao hawana haya: wale wadogo wa jikoni, kifuko kimoja cha mayai hubeba mayai 30 hadi 40, na sinki lenye vyombo vilivyolala huwapa chakula na maji pamoja.

Penye sinki ndipo palipo na shina la mambo. Maji matamu ya Mombasa hutoka mbali, mengine katika chemchemi za Mzima huko Tsavo Magharibi kwa bomba la kilomita zipatazo 220, mengine Baricho kando ya Mto Sabaki, na siku bomba linapokauka tunanunua kwa mitungi ya lita 20 inayoletwa na mkokoteni. Anayeacha sufuria ikakaukiana hulazimika kuisugua kwa maji maradufu, nayo ni maji ambayo sote tumeyalipia.

Mtu aliye ugenini huona vigumu kusema, akichelea kuambiwa arudi kwao. Mimi niliona kwamba kodi tunagawana sawasawa, basi na neno tugawane. Niliwangoja wapumzike, nikawaambia, “Dada zangu, sisemi juu ya tabia ya mtu, nasema juu ya maji.” Mazungumzo yale yalikwenda vizuri kuliko karatasi ya zamu iliyokuwa imebandikwa mlangoni, ambayo hakuna aliyeisoma. Tulikubaliana kwamba kila mmoja awe na mtungi wake wa jikoni, aoshe alichopikia kabla ya kulala, na maji ya chumvi ya kisima yatumike kwa sakafu na choo. Tangu kila mtu aanze kumaliza maji yake mwenyewe, sufuria zimeacha kulala.

Nao wana lao: papa mkavu ninayeletewa kutoka nyumbani, ambaye wanasema harufu yake imeingia hata kwenye mapazia. Hilo bado tunajadiliana, na kwa sasa papa anakaa roshanini, ndani ya ndoo yenye kifuniko.