Sun niliyonunua kwa kilo

Hii ilikua 2015, nilikua bado nakaa Tabata, na Jumamosi hiyo mi kompyuta wala sikua naiwazia, nimetumwa Buguruni kwenye yadi ya vyuma chakavu nikatafute bomba la kusimamishia antena ya TV. Napita pita kwenye malundo nikaona boksi bapa la kijivu limelaliwa na feni mbovu na rimu ya pikipiki, lina ile nembo ambayo ukishaiona huisahau, neno sun mara nne limesukwa kama mkeka, ligeuze utakavyo linasomeka sun tu. Nikafuta vumbi na kiganja. SPARCstation 5. Aisee.

Kwa asiyejua, Sun ni kampuni ya Kalifornia ilianza 1982, Oracle wakaja kuimeza 2010, na mashine zao zilikua za mainjinia na vyuo vikuu, sio za kuchapia barua. Hiyo modeli ya 5 ilitoka 1994, enzi ambazo mi kompyuta nilikua naiona benki tu, tena kupitia kioo. Kazini Linux naila kila siku lakini Unix ya mezani yenyewe, ule mfumo wa kompyuta ambao Linux imeuiga, yenye prosesa yake na kila kitu chake, sijawahi kuigusa hata kwa kidole.

Nikajikaza uso maana hawa jamaa ukionyesha umependa kitu umeisha.

"Kaka, hili deki bei gani?"

"Sio deki hilo bosi, lina kadi za dhahabu ndani. Tulipime."

Likawekwa kwenye mizani pamoja na kipande cha waya wa mtu mwingine, tukabishana hapo kuhusu waya, nikatoa elfu 25, nikapakia kwenye bajaji mbio. Bomba la antena nimelikumbuka nimeshafika getini.

Mke wangu akaniangalia, akaangalia boksi. "Baba Nuru, nilikutuma bomba."

Basi nikafungua kifuniko, mende wawili wakatoka na shughuli zao, ndani safi kabisa ila nafasi ya diski ni tupu, ofisi iliyoitupa ilishang'oa, sawa, siri zao. Tatizo la pili skrini, tundu lake sio VGA ya kawaida wala nini, lina pini ndogo kumi na mitungi mitatu minene kama ya kebo ya antena (antena tena!), skrini ya hivyo Dar nitaitoa wapi. Ila hizi mashine zina ustaarabu mmoja nimeupenda mpaka leo, ukiziwasha bila kibodi zenyewe zinahamia kuongea kwenye poti ya serial, tundu la kutuma herufi kwa waya, kasi 9600, unasoma kwa laptopu.

Kebo nikaitengeneza mwenyewe na nikaikosea mwenyewe. Kichwani nimekariri kwamba pini 2 na 3 lazima zipishane ndio mashine mbili zisikilizane, nikapishanisha, kimya, siku mbili kimya, nikaanza kusema nimenunua chuma kweli. Kumbe kwenye plagi ya pini 25 namba 2 ndio mdomo, na kwenye ya pini 9 namba 2 ndio sikio, yani zimeshapishana kiwandani, wewe unanyoosha tu, 2 kwa 2, 3 kwa 3, halafu 7 kwa 5 ile ya ardhi. Nikafumua nikaunganisha upya, nikawasha, herufi zikaanza kumiminika kwenye laptopu na mi nikapiga kelele mtoto akaamka.

Sasa ndio nikakuta ugonjwa wenyewe. Anwani yake ya mtandao inaonyesha ff:ff:ff:ff:ff:ff, yani haijijui, halafu inaandika mstari uleule bila kuchoka, Timeout waiting for ARP/RARP packet, Timeout waiting for ARP/RARP packet. Ukiielewa RARP unaweza ukaionea huruma, maana ni mashine inauliza mtandao mzima jamani mi naitwa nani, na hata hiyo namba ya kujitambulishia wakati inauliza haina. Chanzo ni kachipu kamoja, M48T08, kanatunza saa na mipangilio na utambulisho wote, na betri yake waliifinyanga humo humo ndani ya plastiki ya chipu, miaka kama kumi hivi inaisha na kila kitu kinapotea. Mpaka leo sijaelewa mtu aliyekaa akaona hilo ni wazo zuri.

Dawa ipo. Unatuma breki, yani ishara ya kuikatiza, kwenye laini inakupa neno moja tu, ok, hapo unaongea na OpenBoot, programu ya ndani inayoiwasha mashine, kwa lugha ya Forth, unaingiza utambulisho kipande kimoja kimoja (ndio byte) kwa amri ya mkp. Tatu za mwanzo ni 8, 0, 20, hizo ni za Sun wenyewe, tatu za mwisho watu wengi wanajiwekea c0, ff, ee, inasomeka coffee yani kahawa, wanacheka wanaendelea. Na mi nilitaka hivyo hivyo, ila nikamulika chipu na tochi ya simu nikaona kastika kamebanduka upande, kana tarakimu sita, bado zinasomeka. Nikasema kama jina lake lipo kwa nini niizushie la kahawa. Nikaandika polepole, byte ya mwisho ni ya hesabu ya kuhakiki zile zote za nyuma, ukikosea tarakimu moja kazi bure. Ikakubali! Namba ikatokea kwenye skrini ya laptopu kamili kabisa.

Umeme ukakatika.

Ulivyorudi, ff ff ff. Si betri imekufa bana, inashika wapi. Wiki hiyo nimeiandikia jina labda mara sita, mpaka nikachomoa chipu nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi redio hapo hapo mtaani.

"Shikamoo mzee. Nataka tuichimbe hii juu, ndani kuna betri tuikate, tuweke ya nje."

"Marahaba. Ikifa je?"

"Imeshakufa mzee."

"Haya, maiti haifi mara mbili." Akavaa miwani yake, msumeno mdogo kama wa kukatia kucha, anakwangua anapuliza, anakwangua anapuliza, mpaka vikatokea vinjia viwili vya shaba vinameta. Akakata upande wa betri ya zamani, akachomea nyaya mbili na kikombe cha betri bapa ya volti 3, ile CR2032 ya dukani. Hakutaka hela, alitaka tu nimwelezee kinafanya nini, nikaelezea, akasema kumbe ni kitambulisho.

Kuipakia NetBSD, mfumo wa bure wa jamii ya Unix, kupitia mtandao kukanila usiku mwingine mzima kwa sababu faili la kuwashia lazima liitwe C0A80105.SUN4M, hiyo ni anwani ya mtandao 192.168.1.5 kwa heksa, namba za msingi wa 16, na mi niliandika kwa herufi ndogo. Saa nane usiku ikaniomba jina la mtumiaji. Nikaizima nikaichomoa ukutani makusudi, jioni ya kesho yake nikaiwasha, namba ya kwenye stika ileile, haijasahau.

Jumamosi iliyofuata nikarudi Buguruni kwa ajili ya lile bomba. Nikamuuliza yule jamaa kama alipata na kibodi ya lile boksi.

"Lile la dhahabu? Kibodi hapana bosi. Ila yalikuja manne, mengine matatu gari lilishapeleka kiwandani, Alhamisi."